Krimu adimu, maziwa tele: kisa cha Ulaya cha 2015 hadi 2017

Julai 2017 Peder Tuborgh, aliyekuwa mkuu wa Arla, ushirika mkubwa wa wafugaji wa kaskazini mwa Ulaya, aliwaonya Waingereza kwamba ikifika Krismasi huenda krimu na siagi zisiwatoshe. Desemba ndio mwezi wa krimu kule Uingereza. Humwagwa juu ya pudingi, hupigwa ikajazwa katikati ya keki, hutiwa kwenye rojo la nyama. Onyo lile likawa habari ya ukurasa wa mbele.

Siku zilezile, katika maghala yaliyokuwa yakilipiwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, kulikuwa na zaidi ya tani 350,000 za maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta. Yalikuwa yamerundikwa humo tangu miaka miwili nyuma, na wanunuzi hawakuyataka kwa bei iliyokuwa ikitajwa. Maziwa hayo yalikuwa yametoka kwenye viwele vya ng'ombe walewale ambao krimu yao sasa ilikuwa inagombewa.

Wakati ule watu wengi walikieleza kisa hiki kuwa ni upungufu wa maziwa. Mimi sikubaliani nao. Ulaya haikupungukiwa maziwa. Krimu iliadimika kwa sababu waliopanga sekta walihesabu lita, hali ndani ya kila lita mna bidhaa mbili zenye masoko mawili tofauti, na moja ikikosa soko humziba mwenzake njia. Gharama ya hesabu hiyo waliibeba wafugaji, wale wa Ulaya kwanza, kisha hata wafugaji wa Sahel, ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara, ambao hawakuwa na kauli yoyote katika jambo lenyewe.

Kilo mia moja zikiingia kiwandani

Maziwa ya ng'ombe wa Ulaya, ambao wengi ni Holstein wa rangi nyeusi na nyeupe, huwa na mafuta ya takriban asilimia 4. Kiwandani hupashwa joto kisha huingia kwenye mashine ya kutenga krimu, aina ile ambayo Msweden Gustaf de Laval aliileta sokoni baada ya kuibuni mwaka 1878. Kabla ya hapo watu walimimina maziwa kwenye mabeseni mapana, wakayaacha yalale, asubuhi wakaengua malai yaliyopanda juu yenyewe.

Ndani ya mashine mna bakuli la chuma cha pua, na ndani ya bakuli mna sahani nyembamba zenye umbo la pia, zimepangwa moja juu ya nyingine kwa nafasi isiyofika milimita moja. Bakuli linazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Maziwa mazito husukumwa ukingoni, mafuta mepesi hurudi katikati, kila kimoja kikatokea kwa bomba lake. Ukisimama kando unasikia mlio mwembamba usiokatika. Bomba la krimu hupitisha kitu cha manjano hafifu kinachosogea polepole kwa uzito wake. Bomba la pili, ambalo ndilo lenye mali nyingi kwa ujazo, huenda kasi na kupitisha maji meupe yanayoelekea rangi ya buluu.

Sasa tupige hesabu, maana kisa chote kimelala hapa. Kilo 100 za maziwa yenye mafuta ya asilimia 4 zinatoa takriban kilo 10 za krimu yenye mafuta ya asilimia 40, na kilo 90 za maziwa yasiyo na mafuta. Ukiisukasuka ile krimu unapata siagi kilo 4.8 hivi. Yale maziwa mengine ukiyakausha unapata unga kilo 8 na ushee. Huwezi kuchagua kutoa kimoja tu. Aliyekuna nazi anajua: ukitaka tui jingi zaidi, chicha nayo itaongezeka, na lazima ujue utaipeleka wapi.

Tofauti ni kwamba maziwa yaliyotolewa mafuta si makapi. Yana karibu protini yote, sukari yote ya maziwa na madini yote. Ni chakula kamili cha thamani kubwa, na pia kinaharibika upesi. Kiwanda hakina hiari ya kuyaacha yasubiri hadi soko litakapotengemaa. Yasipotengenezwa jibini au mtindi ndani ya siku moja mbili, lazima yakaushwe. Kwa hiyo kila anayetengeneza siagi, au anayeuza krimu peke yake, anajikuta pia kuwa mzalishaji wa unga, apende asipende.

Jibini ndiyo mlango wa pili. Mtengenezaji wa jibini anachukua mafuta na protini kwa pamoja, akabakiwa na maji ya jibini tu. Soko la unga likiwa bovu, mwenye kiwanda mwenye akili huyaelekeza maziwa yake huko. Hilo ni la kukumbuka, kwa sababu ndilo lililokuja kuitia krimu kitanzi mwaka 2017.

Kutoka mlima wa siagi hadi mlima wa unga

Mwaka 1984 nchi za Jumuiya ya Ulaya ya wakati ule ziliweka mgao wa maziwa: kila nchi na kila mfugaji alipewa kiwango, na aliyekipita alitozwa faini. Sababu ilikuwa siagi. Serikali zilikuwa zinainunua kwa bei ya uhakika, wafugaji wakazidi kuzalisha, na katikati ya miaka ya 1980 akiba ya siagi kwenye majokofu ya umma ilipita tani milioni moja. Watu waliiita mlima wa siagi. Mgao uliuteremsha mlima huo, ukadumu miaka 31, na ukaondolewa tarehe 31 Machi 2015.

Wafugaji walijiandaa mapema kwa tarehe hiyo. Ireland, nchi yenye majani mengi na mvua ya kutosha, ilikuwa imebanwa na mgao kuliko karibu wote. Watu walikopa, wakajenga mabanda, wakanunua mitamba. Uholanzi, Denmark, Ujerumani na Poland nazo zikasukuma. Waziri yeyote wa kilimo uliyemsikiliza mwaka 2013 alikuwa anazungumzia China, ambayo wakati huo ilinunua unga kama isiyoshiba, na wafugaji walikuwa wanalipwa senti 40 za euro kwa kilo au zaidi kidogo.

Halafu mambo mawili yakaja kwa mpigo. Wanunuzi wa China, waliokuwa wamejaza maghala, walipunguza oda mwaka 2014. Na Agosti mwaka huohuo Urusi ilipiga marufuku vyakula kutoka Umoja wa Ulaya, ikijibu vikwazo vilivyotokana na mgogoro wa Ukraine. Urusi ilikuwa mteja mkubwa wa jibini na siagi ya Ulaya. Jibini lililokosa soko likarudi kuwa maziwa yanayotafuta kazi, na kazi pekee iliyokuwa na mnunuzi wa uhakika ilikuwa kukaushwa.

Mnunuzi huyo ni Umoja wa Ulaya wenyewe. Kanuni zilizobaki kutoka enzi za mlima wa siagi zinautaka ununue siagi na maziwa ya unga bei ikishuka mno. Kwa unga bei hiyo ilikuwa euro 1,698 kwa tani. Kwa siagi ilikuwa takriban euro 2,217, na soko halikuwahi kushuka mpaka hapo, kwa hiyo ghala la umma la siagi lilibaki tupu. Unga ulishuka mpaka hapo na ukakaa. Mwaka 2016 kikomo cha kununua kwa bei hiyo kilipandishwa mara mbili, kutoka tani 109,000 hadi 218,000, kisha hadi 350,000. Viwanda vikakausha na kupeleka.

Katikati ya 2016 mfugaji wa Ulaya alikuwa anapata wastani wa chini ya senti 26 kwa kilo. Kwa wengi hiyo haikulipia hata chakula cha ng'ombe na riba ya mkopo. Julai mwaka huo Phil Hogan, Kamishna wa Kilimo wa Umoja wa Ulaya, mtu wa Ireland, alitangaza msaada wa euro milioni 500. Ndani yake mlikuwa na euro milioni 150 za kuwalipa wafugaji wapunguze uzalishaji: senti 14 kwa kila kilo ambayo mfugaji hakuizalisha. Wafugaji takriban 44,000 waliitikia, na zaidi ya tani 800,000 za maziwa hazikukamuliwa.

Siubezi mpango huo. Watu walikuwa wanauza ng'ombe wao na kufunga mabanda ya babu zao. Kusaidia kulikuwa lazima. Lakini angalia kipimo kilichotumika. Mfugaji alilipwa kwa kilo ya maziwa, basi. Hakuna aliyeuliza kilo ile ina mafuta kiasi gani. Kilichokuwa cha ziada sokoni ni protini iliyokaushwa. Mafuta hayakuwa ya ziada hata kidogo, ila yaliondolewa pamoja nayo. Tani 800,000 za maziwa ya mafuta asilimia 4 zina siagi ya karibu tani 39,000 ndani yake.

Wakati huohuo walaji walikuwa wanarudi

Kwa miaka arobaini mzungu wa Ulaya na Marekani aliambiwa mafuta ya maziwa yatamuua. Alipakaza majarini, akanunua maziwa yasiyo na mafuta, na krimu akaiweka kwa siku za sherehe. Kuanzia miaka ya 2010 mambo yakageuka. Tafiti zilianza kutilia shaka ule uhusiano wa moja kwa moja kati ya mafuta ya maziwa na maradhi ya moyo, na Juni 2014 jarida la Time la Marekani liliweka kipande cha siagi kwenye jalada. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusunusu kwa haidrojeni, ambayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa majarini nyingi, hayatambuliki tena kuwa salama, na viwanda vikapewa miaka mitatu kuyaondoa. Mwaka huohuo McDonald's ilitangaza kwamba migahawa yake ya Marekani itarudi kutumia siagi halisi kwenye vifungua kinywa.

Pima ukubwa wa jambo hilo. Mnyororo mmoja wa migahawa ukibadilisha kinachopakwa kwenye mkate, ni matani kwa maelfu yanayohama kutoka michikichi na soya kwenda kwenye kiwele cha ng'ombe. China nayo, ambayo miaka ya nyuma ilitaka unga tu, ilianza kununua krimu ya kukaa muda mrefu kwa ajili ya keki, mikate laini na vinywaji vya chai vyenye povu la krimu juu. Wauzaji wakubwa wa krimu hiyo walikuwa New Zealand na Ufaransa.

Kwa hiyo mafuta yalipata wateja wapya kila upande, na protini iliyokaushwa ikapoteza wateja. Hapo ndipo penye fundo la kisa.

Namna ghala la unga lilivyoikaba krimu

Jirudishe kwenye zile kilo 100. Masika ya 2016 siagi ilikuwa karibu euro 2,500 kwa tani, kwa hiyo siagi ya kilo 4.8 iliingiza euro 12 hivi, na unga wa kilo 8 na ushee uliingiza kama euro 14. Unga ulikuwa unalipa zaidi kuliko siagi. Septemba 2017 siagi ilifika karibu euro 6,500 kwa tani. Siagi ileile ya kilo 4.8 sasa iliingiza euro 31, na unga ukabaki palepale pa euro 14. Zaidi ya theluthi mbili ya thamani ya maziwa ilikuwa imehamia kwenye lile bomba la manjano linalokwenda polepole.

Mtu atauliza: kama siagi inalipa hivyo, kwa nini viwanda havikutengeneza nyingi mapema 2017 kabla bei haijapaa? Kwa sababu kila tani ya siagi ingezaa karibu tani moja na robo tatu ya unga, na soko la unga lilikuwa na zile tani 350,000 zinazoninginia juu yake. Kila mfanyabiashara alijua siku moja zitatolewa. Hakuna aliyekubali kulipa bei nzuri ya unga leo wakati kuna mwenye ghala anayetafuta mahali pa kuumwaga kesho. Mwenye kiwanda alipoweka hesabu ya siagi pamoja na hesabu ya unga, jumla ilimwambia ageukie jibini. Akageuka. Uzalishaji wa siagi ukashuka katika nusu ya kwanza ya 2017, na yaliyobaki ya mafuta yakagawanywa kati ya jibini, krimu ya mezani na siagi.

Na hapakuwa na akiba. Krimu mbichi inadumu siku chache. Kinachoiwezesha Ulaya kula krimu ya msimu mmoja katika msimu mwingine ni siagi iliyogandishwa: Aprili na Mei ng'ombe wakiwa kwenye majani mapya, maziwa yanafurika, krimu ya ziada inafanywa siagi na kuwekwa kwenye barafu, kisha inatolewa vuli na kuelekea Krismasi. Akiba ya 2016 ilikwisha mapema 2017. Masika ya 2017 hayakuleta ziada ya kutosha kujaza majokofu, kwa kuwa ng'ombe wengi walikuwa wamechinjwa wakati wa bei mbaya na uzalishaji ulikuwa ndio kwanza unainuka. Mtamba unahitaji takriban miaka miwili hadi azae na kukamuliwa. Bei ilipopaa, hakukuwa na banda lolote ambalo lingeweza kujibu ndani ya wiki.

Ikabidi siagi ipande mpaka kufikia kiwango ambacho peke yake inaweza kubeba hasara ya unga. Hiyo ndiyo maana halisi ya zile euro 6,500. Mnunuzi wa krimu alikuwa analipia krimu na papo hapo analipia unga usiotakiwa.

Ufaransa rafu tupu, Ujerumani bei juu

Vuli ya 2017 kulitokea jambo linalofundisha kuliko takwimu zote. Katika maduka makubwa ya Ufaransa, nchi ambayo mtu mmoja hula takriban kilo 8 za siagi kwa mwaka na ambako wapishi wa kaskazini-magharibi hawajui kupika bila krimu na siagi, rafu zilianza kuwa tupu. Waokaji walikuwa wameshalalamika tangu mwanzo wa mwaka, kwani katika kruasoni nzuri, ule mkate mwepesi wa matabaka, siagi ni takriban robo ya uzito. Stéphane Travert, waziri wa kilimo, alilazimika kuwajibu wabunge.

Ng'ambo ya mpaka, Ujerumani, siagi ilikuwepo. Kifurushi cha gramu 250 ambacho kwenye maduka ya bei nafuu kiliuzwa chini ya senti 80 mwaka 2016 kilikuwa sasa euro 1.99. Watu walinung'unika, wakanunua.

Maziwa ya nchi hizi mbili hayatofautiani. Mikataba ndiyo iliyotofautiana. Ufaransa maduka makubwa na viwanda hukaa mezani mara moja kwa mwaka, na bei wanayokubaliana kabla ya tarehe 1 Machi ndiyo inayokwenda mpaka mwaka unaofuata. Bei ya Februari 2017 haikuwa na habari na Septemba. Viwanda viliomba bei ipitiwe upya, maduka yakakataa, na viwanda vikafanya ambalo mtu yeyote angefanya: siagi na krimu zikapakiwa kwenda kwa wanaolipa bei ya siku hiyo. Ujerumani mikataba ni ya muda mfupi, bei inapanda na kushuka nayo.

Walaji walioona rafu tupu na kuanza kununua vifurushi vitano vitano waliongeza moto. Lakini mzizi ulikuwa kwenye meza ya Februari. Bei iliyogandishwa haimlindi mlaji pale bidhaa inapoweza kupandishwa lori na kuvuka mpaka kabla ya chakula cha mchana. Naona watu wa kwetu wanaodai bei elekezi ya maziwa wangefanya vizuri kukaa na mfano huu kwa muda kabla ya kuandika barua kwa waziri.

Wafugaji wenyewe walikuwa wameshasema yao. Tarehe 23 Januari 2017, mawaziri wa kilimo wakiwa wanakutana Brussels, wafugaji wa maziwa kutoka nchi mbalimbali walifika na mashine wakapuliza maziwa ya unga juu ya jengo la Baraza la Umoja wa Ulaya. Barabara ikawa nyeupe, polisi wakawa weupe, madirisha yakawa meupe. Walikuwa wanapinga unga ule uliolala ghalani kuanza kuuzwa, maana walijua utashusha bei yao. Kwa jinsi mambo yalivyokwenda miezi tisa baadaye, nawaona walikuwa na hoja kubwa kuliko walivyosikilizwa.

Bei ya siagi ilianza kuteremka Oktoba, na kufikia Januari 2018 ilikuwa imerudi chini ya euro 5,000. Krismasi ya Waingereza ikapita na krimu ikiwemo, kwa bei ya juu. Maghala ya unga yalichukua hadi 2019 kuisha. Mwaka 2018 kuna shehena zilizoondoka kwa takriban euro 1,100 kwa tani, vitu vilivyonunuliwa kwa 1,698.

Unga ulikokwenda

Watu wa Ulaya wanaposimulia kisa hiki huishia hapo. Sisi hatuna ruhusa ya kuishia hapo.

Krimu ikiwa ghali na unga ukiwa rahisi, kuna biashara inayojitokeza yenyewe: unachukua maziwa yaliyotolewa mafuta, unayachanganya na mafuta ya mawese, unakausha, unapata unga unaofanana na maziwa kamili kwa bei ya chini sana. Mafuta ya maziwa yamebaki Ulaya kuwa siagi na krimu. Mahali pake pamejazwa mawese. Mauzo ya unga wa namna hii kutoka Umoja wa Ulaya kwenda Afrika Magharibi yalikua kwa kasi katika miaka hiyohiyo. Nigeria, Senegal, Mali na jirani zao ndio wanunuzi. Ushuru wa pamoja wa nchi za Afrika Magharibi kwa unga unaoingia kwa magunia ni asilimia 5, kiwango ambacho hakimzuii mtu.

Mfulani, mfugaji wa jadi wa Afrika Magharibi, anayekamua ng'ombe nje ya Dakar au Bamako, ambaye ng'ombe wake anatoa lita chache kwa siku na barabara yake ni ya vumbi, anashindanishwa sokoni na unga ambao gharama yake imeshalipwa na mla kruasoni wa Paris. Maana ndivyo ilivyo: siagi ikibeba theluthi mbili ya thamani ya maziwa, kinachobaki kinaweza kuuzwa kwa bei yoyote. Wafugaji na mashirika ya huko walianzisha kampeni ya kudai maziwa yao ya ndani yathaminiwe, na wengine walisafiri mpaka Ulaya kukaa na wafugaji wa huko. Walikuta wenzao nao hawafaidiki.

Afrika Mashariki tulinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu moja kavu: ushuru wa pamoja wa Jumuiya yetu unaiweka bidhaa ya maziwa kwenye orodha ya vitu nyeti, asilimia 60. Ukame ulipoibana Kenya mwaka 2017, serikali iliruhusu unga uingie bila ushuru kwa muda, na mantiki yake inaeleweka, watu walikuwa hawana maziwa. Ila mlango wa namna hiyo ukizoea kufunguliwa, yanayoingia ni yale ambayo krimu yake imeshaliwa kwingine. Ningependa kila mara mlango unapofunguliwa, tamko liseme wazi kama ni maziwa ya unga au ni unga uliotiwa mawese, na mfuko uandikwe hivyohivyo kwa herufi ambazo mama wa dukani anaweza kuzisoma bila miwani.

Vyama vyetu vya ushirika navyo vina la kuchukua hapa. Sehemu nyingi mfugaji bado analipwa kwa lita tu. Mwenye ng'ombe wa Jersey au chotara wa Jersey na Zebu, ambaye maziwa yake yana mafuta zaidi, analipwa sawa na jirani mwenye maziwa mepesi, ingawa kiwanda kinauza samli, siagi na krimu kutokana na mafuta yake. Ulaya mfugaji hulipwa kwa mafuta na protini, kilo kwa kilo. Kosa la 2016 lilifanyika ngazi ya juu, kwa watunga sera waliojisahau wakarudi kuhesabu kwa lita. Kwetu hesabu ya lita imekaa mpaka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

Mwaka 2024 ulirudia swali lilelile

Vuli ya 2024 siagi ya Ulaya ilivuka euro 8,000 kwa tani, juu kuliko 2017. Ugonjwa wa ulimi wa buluu ulikuwa umepita kwenye mifugo ya Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani na Ufaransa, idadi ya ng'ombe ilikuwa inapungua mwaka hadi mwaka, na krimu na jibini ziliendelea kupendwa. Mtu angetegemea wanunuzi wa maziwa wapigane kutafuta wafugaji.

Septemba ya mwaka huohuo Lactalis, kampuni kubwa kuliko zote za maziwa duniani, ilitangaza kwamba itapunguza maziwa inayokusanya Ufaransa kwa lita milioni 450, kutoka takriban bilioni 5.1, na mamia ya wafugaji wakaarifiwa kwamba mikataba yao haitaendelea. Sababu iliyotolewa ni kwamba sehemu ile ya maziwa inaishia kuwa bidhaa za soko la dunia, unga ukiwa mbele, ambazo bei yake haitabiriki. Kampuni inataka krimu, jibini na mtindi wenye chapa yake. Yale maji meupe ya bomba la pili haiyataki, na kwa kuwa haiwezi kuyakataa peke yake, imewakataa wafugaji.

Wafugaji hao walipewa muda wa kutafuta mnunuzi mwingine. Baadhi walikuwa mashariki mwa Ufaransa, mbali na viwanda vya washindani, na lori la maziwa haliendi mbali kwa ajili ya banda moja.